Samli Kwenye Chujio la Hewa

Mafuta ya taa yana harufu mbili. Ya kwanza ni ya kibatari, na hiyo anaijua kila aliyekulia Segese. Ya pili ni ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na vumbi na oili iliyochoka, na hiyo naijua zaidi mimi, kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nakaa nayo kwenye chakula kila Jumamosi, dada zangu wakinisogelea kwa macho tu. Baba alikuwa na pikapu kuukuu iliyobeba abiria na magunia ya pamba kati ya Segese na Kahama, njia ambayo wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi tupu lililolala likisubiri kuamshwa. Ndani ya boneti kulikuwa na chujio la hewa: kopo kubwa kama sufuria, chini lina oili, juu lina nyuzi za chuma kama zile za kusugulia vyombo. Hewa ikipita humo, vumbi linanasa kwenye oili na injini inavuta hewa safi. Lilitakiwa kuoshwa kila wiki. Baba alinipa mimi kazi hiyo, akiwaacha kaka zangu, kwa hoja kwamba wao hawapatikani nyumbani, na mimi sipatikani kwingine. Ilikuwa kweli. Wenzangu walidai kwamba hata jua likitaka kuniona ni lazima lipige hodi.

Miaka ile oili ilikuwa adimu kama sukari na sabuni, na Baba alipata chupa yake moja kwa kujuana. Jumamosi moja nilikuwa nimeshaosha kopo likang'aa, nikageuka kumfukuza kuku, na pindo la kanga likaiangusha chupa. Mchanga ukainywa oili yote bila hata kunishukuru. Nikatazama huku na huku. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa na kibuyu cha samli jikoni, na kwa Bibi samli ilikuwa dawa ya kila kitu kinacholia. Aliipaka kwenye kamba za ngozi, kwenye bawaba za mlango na kwenye magoti yake mwenyewe. Mlango ulinyamaza, magoti yalinyamaza. Sikuona kwa nini injini ikatae. Nikapasha samli motoni, ikawa nyepesi na ya manjano, nikamimina hadi kwenye alama, nikafunga kopo nikiwa nimeridhika na akili yangu.

Siku mbili gari lilikwenda. Asubuhi ya tatu kulikuwa na baridi, samli iliyokuwa imepanda kwenye nyuzi ikaganda pamoja na vumbi, na pikapu ikaanza kukohoa moshi mweusi. Kwenye mwinuko mdogo tu abiria walishuka wakasukuma. Mambo yangeishia hapo, lakini wiki iliyotangulia gari lilikuwa kwa Fundi Idi wa Nyasubi, pale pale Kahama, kijana aliyekuwa amesafisha kabureta. Baba alifika stendi ya Kahama akiwa amefura, akasema mbele ya madereva wote kwamba Idi ameiba kabureta yake nzima na kufunga mbovu. Kufikia jioni madereva wawili walikuwa wameondoa magari yao kwa Idi. Haya Baba alitusimulia mwenyewe wakati wa kula, kama mtu aliyeua nyoka. Nikatafuna ugali wangu taratibu. Sikuunganisha samli na moshi, au labda sikutaka kuunganisha.

Ijumaa Idi alidandia lori akaja Segese na mfuko wake wa spana. Alimwamkia Baba shikamoo, na marahaba ilichukua muda kufika. Akafungua boneti, na kabla ya kugusa kabureta akafungua chujio. Nilimwona kutoka mlango wa jikoni akichovya kidole, akakinusa, kisha akainua kichwa na kunitazama mimi moja kwa moja.

"Kabureta ni ile ile, Mzee," alisema. "Gari limekosa pumzi tu. Vumbi."

Akaosha nyuzi zile kwa mafuta ya taa yaliyopashwa na jua, akatia oili aliyokuja nayo, na injini ikanguruma kama zamani. Baba alisema sawa, akaagiza chai, na habari ya stendi hakuigusa. Idi alipokuja kunawa kwenye ndoo yangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Binti, samli ni ya wali." Basi. Nikaelewa kwamba atarudi Nyasubi akiwa bado mwizi, na amekubali iwe hivyo ili mimi nisichapwe.

Sijui ujasiri ulitoka wapi, maana sikuwa nao kabla wala sikuwahi kuuona tena. Nilisimama mbele ya mkeka walipokuwa wakinywa chai nikasema, "Baba, ni mimi. Oili ilimwagika, nikatia samli." Bibi ndiye aliyejibu kwanza. Alisema kumbe, na yeye wiki nzima alikuwa anamnunia mama yangu bure kwa ajili ya samli iliyopungua. Baba hakunichapa. Kesho yake alivaa shati lake la kanisani, akaniketisha kiti cha mbele, na pale stendi akawaita madereva wale wale akaniambia nisimulie. Walicheka hadi mmoja akakaa kwenye tairi. Walipomaliza Baba akasema, "Nilisimama hapa nikamwita Idi mwizi. Nilikosea." Kisha akawasha gari tukarudi nyumbani.

Mwezi uliopita gari langu dogo liliishiwa nguvu. Kwa hasira niliandika kwenye kundi la mtaa, kwenye simu, kwamba fundi wangu amechomoa kifaa. Kijana mwingine akachomeka kompyuta yake, akatoa kihisi cha hewa chenye waya mwembamba kama unywele, akakipulizia dawa, na gari likapona kabla sijamaliza soda. Vumbi tu, mama, aliniambia. Nikaandika tena kwenye kundi kwamba nilimsingizia mtu. Wachache waliweka kidole gumba. Wengi walikuwa wameshapeleka maneno yangu ya kwanza kwenye makundi mengine ambayo mimi simo, na sina gari la kunifikisha huko.