Theuri na Wenzake

Naliaka, mwalimu wa hesabu huko Ruring'u, hakuwa mtu wa kutafuta makofi. Jioni, akishamaliza kusahihisha madaftari, aliandika programu ya simu ya kuwaonyesha wakulima bei za soko la Karatina kabla hawajapakia kabichi zao kwenye lori. Aliiweka wazi mtandaoni, mtindo wa open source, anayetaka aichukue, airekebishe, aigawe. Sharti lilikuwa moja tu: majina ya walioiandika yasifutwe.

Wakonyo, fundi wa simu mjini Nyeri, alijiunga naye, akaandika sehemu ya kuwatumia bei wenye simu za mulika mwizi, zisizo na intaneti. Kisha akaja Theuri. Huyu alikuwa mdomo na suti. Neno "ubunifu" halikumwisha mdomoni hata akiagiza chai. Walimpa funguo za mradi, aweze kubadilisha chochote, kwa kuwa alijitolea kuutangaza, na kuutangaza aliutangaza kweli.

Siku moja Naliaka alifungua ukurasa wa waandishi akakuta umefagiwa. Palikuwa pamebaki maneno matatu: Theuri na wenzake. Damu ilimchemka. Usingizi wote aliojinyima, leo yeye ni "wenzake"! Akampigia.

"Madam, open source ni ya community," Theuri alisema kwa sauti ya mhubiri. "Hii code ni yetu sisi wote. Sasa ati unataka jina?"

"Kama ni yetu wote, toa yako pia."

"Hapo sasa unaleta kisirani."

Watu wa aina hii ndivyo walivyo. Kitu ni cha wote mpaka uguse jina lao. Naliaka alimwona hafai hata kugombana naye. Yeye na Wakonyo walichukua nakala ya programu, kama yeyote alivyoruhusiwa, wakafungua mradi mpya usio na jina la Theuri, na wakulima wakahamia huko.

Theuri akaja juu. "Sheria inasema jina yangu lazima ikae," aliandika.

Kwa hilo hakukosea. Naliaka akapekua historia ya mradi, mabadiliko kwa mabadiliko, kisha akaandika kila mtu na kazi yake. Kazi zake mwenyewe na za Wakonyo zilijaza ukurasa. Chini kabisa aliweka: "Theuri: alibadilisha rangi ya kitufe kimoja, kutoka kijani hadi bluu."

Kabla ya chai ya saa nne simu ililia.

"Madam, hiyo jina yangu toa tu."

"Siwezi, Bwana Theuri," Naliaka alisema. "Sheria inasema ikae."