Mashine ya Sweta Mbele ya Hakimu

Asubuhi ya kesi mama alivaa kitenge chake cha kanisani akakataa chai. Nilimtazama akijifunga kilemba mbele ya kioo kidogo cha dirishani, na nyuma yake nikaiona ile sehemu tupu ya ukuta ambako kwa muda mrefu ilisimama mashine yake ya kufumia sweta. Sasa mashine ilikuwa imefungiwa katika stoo ya ofisi ya kata. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na kila siku wazazi walipita mlangoni kuuliza sweta za watoto wao. Kasulu iko juu milimani, mvua za Januari zina baridi inayoingia mifupani, na walimu wakuu hawampokei mtoto aliyevaa sweta ya rangi aliyojichagulia. Kama mahakama ingesema mashine si ya mama, hapakuwa na kazi nyingine ya kumpa. Shamba letu la Nyakitonto linatulisha, lakini halifanyi zaidi ya hapo.

Mashine ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la sare karibu na soko, mtu mzima ambaye ukoo wake ni wa Ujiji na ambaye mji mzima ulimwita Haji. Yeye alikuwa na mashine asiyoweza kuitumia. Mama alikuwa amejifunza kufuma Kibondo akiwa msichana, na hakuwa na mashine. Wakakubaliana. Shida yote ilikuwa katika hilo neno, wakakubaliana.

Kila anayemfahamu dereva wa bodaboda anajua kwamba kuna namna mbili za kushika chombo cha mtu. Kuna hesabu: unampelekea mwenye chombo sehemu yake, na chombo kinabaki kuwa chake siku zote. Na kuna mkataba: unapeleka vilevile, kwa muda mliopatana, kisha chombo kinakuwa chako. Anayetazama kwa nje hawezi kutofautisha. Kila muhula mama alifunga sehemu ya sweta alizofuma katika mfuko wa salfeti, akampelekea Haji dukani. Ilipotimia miaka miwili alijiona amemaliza, akaacha kupeleka. Haji aliposimama mlangoni kuulizia sweta za muhula mpya, mama alicheka, akidhani mzee anamtania. Kesho yake walikuja wabeba mizigo wawili na mkokoteni.

Majirani waliziba njia kwa miili yao. Mtendaji wa kata aliitwa, akaamuru mashine ikae ofisini kwake mpaka watakapoelewana au mahakama itakapoamua.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na stashahada ya sheria, nikisubiri ajira, na ni mimi niliyesema mahakama. Wazee wa kanisa walitaka kumwendea Haji polepole. Baba mdogo alisema tumwachie Mungu. Niliwajibu kwa ukali ambao sijutii. Niliamini, na bado naamini, kwamba mahakama ndogo iliwekwa kwa ajili ya watu kama mama: watu wasio na wakili, ambao ugomvi wao ni juu ya kitu kimoja, na kitu hicho ndicho maisha yao. Mtu mwenye nguvu anaweza kujiamulia haki yake kwa kutuma mkokoteni. Asiye na nguvu ana chumba kile chenye benchi na bendera, ambamo lazima asikilizwe hadi amalize sentensi yake.

Lakini kwa mama ofisi ya serikali haikuwa na sura hiyo. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi kabla hajazaliwa, naye alikulia upande wa Nyabibuye, ambako kila meza yenye karani iliuliza swali lilelile: umetoka wapi? Uraia aliupata akiwa tayari na watoto. Tulipokwenda kufungua shauri alijibu maswali ya karani kwa sauti ndogo nisiyoijua, na mkono wake ulishika mkoba kama mtu aliye stendi.

Siku hiyo ya kesi tulikaa kwenye veranda ya Mahakama ya Mwanzo kusubiri kuitwa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwanamke mmoja anayeuza dukani kwa Haji alikuja kama shahidi wake, akaketi mkabala nasi, akasema kwa kumwambia mwenzake lakini ili sisi tusikie:

"Leo tutaona maajabu. Mgeni anamshtaki mwenye nyumba."

Nilitaka kusimama. Mama alinibana goti.

"Mimi ni raia, dada," alisema. "Kitambulisho ninacho. Picha tu ndiyo mbaya, ukitaka kucheka cheka hiyo."

Yule mwenzake alicheka kweli, akajizuia kwa kiganja. Haji, aliyekuwa amesimama pembeni na koti lililolowa mabegani, hakucheka. Aligeuka akamsalimu mama kama alivyomsalimu miaka yote: "Habari za nyumbani, mama?" Naye akaitika, "Njema, Haji. Za kwako?" Sikuelewa watu wanawezaje kuulizana habari za nyumbani dakika chache kabla ya kunyang'anyana.

Ndani, sikuwa na ruhusa ya kusema neno. Mama ndiye mdai. Mimi nilikuwa mtu wa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa kijana wa mkoa wa mbali, makini, aliyeandika kila kitu kwa mkono. Kwa kuwa shauri liligusa mila, washauri wawili waliketi naye: mzee mmoja, na mama mtu mzima wa Kiha mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mama aliapa kwa Biblia. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakimu akamuuliza kwa nini anasema ilikuwa mkataba na si hesabu, ilhali hawakuandikiana chochote.

"Tulifunga maneno," mama alijibu.

"Mlifungaje?"

"Nilimpa kinywaji, akanywa. Mashahidi waliona."

Watu wawili watatu kwenye mabenchi walitikisa vichwa kukubali, kwa maana kwetu jambo hilo halihitaji tafsiri. Ng'ombe, kiwanja, baiskeli: anayechukua huleta pombe ya ndizi, mwenye mali hunywa wa kwanza, kisha chombo hupita kwa mashahidi. Baada ya hapo mali imehama, na anayerudi nyuma huaibisha ukoo wake. Hakimu aliinua uso.

"Ulimpa Haji pombe?"

Chumba kilicheka, na Haji mwenyewe akapigwa na kikohozi.

"Hapana, mheshimiwa! Haji ni mtu wa swala. Ningemfanyia hivyo? Nilinunua soda."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Siku walipopatana, mama alimheshimu mwenzake kiasi cha kubadilisha kinywaji. Alitoka na kurudi na soda nne, akampa Haji ya kwanza, akasubiri anywe, kisha akawapa jirani yake na yule muuzaji wa dukani, ya mwisho akanywa yeye. Jirani alisimama akathibitisha yote. "Alikunywa wa kwanza, mheshimiwa. Tena alikunywa akamaliza." Hata yule mwanamke wa dukani, alipobanwa, alikiri kwamba chupa zilikuwa nne na kwamba mzee ndiye aliyeanza. Nilianza kupumua. Mshauri mwenye miwani aliinama akamnong'oneza hakimu, na niliona katika uso wake kwamba kwake yeye shauri limekwisha.

Kisha Haji aliapa kwa Kurani. Hakukana hata kitu kimoja.

"Ni kweli, mheshimiwa. Nilikunywa. Lilikuwa jua kali, mama akaniletea soda, nikamwombea dua. Watu huniletea soda kila siku. Kama kila soda ninayokunywa ni duka ninaloliuza, nisingekuwa na duka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu aliweka kalamu chini, akamgeukia mama.

"Mdai, nataka unijibu swali moja tu, na kumbuka umeapa. Siku ile, wakati Haji anakunywa, alijua kwamba kinywaji kile kina maana ya kufunga mauziano?"

Nilijua uzito wa swali hilo. Nilikuwa nimelisoma darasani kwa maneno mengine: pande mbili zisipokuwa na nia moja, hakuna mkataba. Kama mama angesema alijua, lingekuwa neno lake dhidi ya neno la Haji, na mama alikuwa na mashahidi wawili, mila ya mahali na mshauri aliyekwisha kumwamini. Haji amefanya biashara kati ya Waha na Warundi maisha yake yote; nani angeshangaa kuambiwa alijua? Mimi mwenyewe sikuwa na hakika kwamba hakujua. Nikamkazia macho mama kisogoni. Mvua ilipungua ghafla.

"Oya," mama alisema.

"Kwa Kiswahili, mama."

"Hapana. Hakujua. Mimi sikumwambia. Nilidhani kila mtu anajua."

Hakimu aliandika. Alituambia tutoke nje, tutaitwa tena.

Verandani nilishindwa kujizuia. Nilimwambia, kwa sauti ya chini lakini kali, kwamba amejifungia mwenyewe mlango, kwamba hangekuwa amesema uongo kama angejibu kwamba yeye aliamini Haji anajua.

"Hakuniuliza mimi niliamini nini," alisema. "Aliniuliza Haji alijua nini."

"Na sasa mashine?"

"Wewe ndiye uliyenileta mahali watu wanapoapa," alisema. "Ulitaka niape nusu?"

Nilikuwa nimemfundisha kila kitu kuhusu mahakama, mahali pa kusimama, namna ya kumwita hakimu, na yeye alikuwa ameiamini kuliko nilivyoiamini mimi. Aliketi akitazama maji yakipita mtaroni, na kwa mara ya kwanza niliogopa si kushindwa kwa shauri bali mikono ile kukaa bila kazi.

Tuliporudi ndani hakimu alieleza taratibu. Mashahidi wote wamesema kweli. Mdai alidhani ananunua, mdaiwa alidhani anakodisha. Kwa msingi huo hawezi kusema kulikuwa na mauziano, na mashine ingerudi kwa Haji. "Lakini kabla sijaandika hukumu," alisema, "sheria inaniruhusu kuwauliza kama mna suluhu."

Haji alisimama. Hakuwa na uso wa mshindi. Naye alikuwa na shule zinazomsubiri, na Kasulu nzima hapakuwa na mfumaji mwingine wa kasi ya mama.

"Aichukue kwa mkataba," alisema. "Kuanzia leo. Miaka miwili."

"Na zile nilizokwisha kupeleka?" mama aliuliza.

"Zile zilikuwa hesabu, mama. Mheshimiwa amesema mwenyewe."

"Basi chukua mashine."

Hakimu aliinua kalamu. Yule mshauri mwenye miwani alifunga macho.

"Chukua, Haji," mama aliendelea, na ile sauti ndogo ya mezani kwa karani haikuwapo tena. "Umkalishe mtu wako wa dukani afume nayo. Ulikunywa bila kujua, sawa, nimekiri mbele ya watu. Lakini mimi sikufuma bila kujua. Usiku na mchana nilifuma nikijua ninanunua. Sasa kosa ni letu wote wawili, kwa nini gharama iwe yangu peke yangu?"

Haji alivua kofia yake, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea humo, akaivaa tena.

"Nusu," alisema hatimaye. "Nakuhesabia nusu. Ubaki mwaka mmoja, kisha iwe yako."

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa."

Hakimu hakutosheka na hilo. Alimtaka kila mmoja arudie makubaliano yote kwa kinywa chake, kisha amsikilize mwenzake akirudia, kisha aseme kama ndivyo alivyoelewa. Mama alikosea kidogo kuhusu muhula wa kuanzia; wakarudia tena. Ilichukua muda mrefu kuliko ushahidi wenyewe. Nilikaa benchi la nyuma nikiwa na huzuni niliyoionea aibu, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kusikia maneno kwamba mdai ameshinda, na maneno hayo hayakuja. Kilichokuja ni mwaka mmoja wa kufuma sweta za mtu mwingine, na mama akaupokea bila kulia wala kushukuru.

Mchana huohuo tulikwenda ofisi ya kata. Mtendaji alifungua stoo. Mashine ilikuwa nyuma ya mabati ya zahanati na ndoo za sensa, imefunikwa turubai, na unyevu ulikuwa umeipata. Mama alipitisha kidole juu ya safu ya sindano, akakitazama kidole.

Haji alikuwa amekuja na mbeba mizigo wake mmoja, yuleyule aliyekuja na mkokoteni mara ya kwanza. Sasa aliubeba upande wa pili wa mashine nami nikabeba huu. Tulipofika barabarani Haji alisema:

"Zangu za kwanza nizipate Ijumaa, mama. Shule zinafunguliwa."

"Jumatatu."

"Ijumaa, tafadhali."

"Haji, sindano zina kutu. Ijumaa nitakudanganya. Jumatatu nitakuletea."

Alihesabu kichwani. Kisha akamgeukia mbeba mizigo, aliyekuwa anahema chini ya chuma, akamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia, mzee. Jumatatu."

"Na wewe, binti?" akaniuliza mimi.

"Nimesikia," nilisema.

"Haya," Haji alisema. "Jumatatu. Na mimi nimesikia."