Fundi Cherehani Aliyekagua Michezo

Kampuni ile ya michezo ya kompyuta ilianza na watu wawili, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la vioo. Mmoja alichora, mwingine, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani yake mizito, aliandika programu. Dada wa yule mchoraji alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye hakuwa amewahi kugusa mchezo wa aina hiyo. Siku moja aliwapelekea mapazia aliyowashonea ili jua lisipige kwenye skrini. Mdogo wake akamwomba akae, ajaribu kidogo.

Ukuta wa kwanza tu wa mchezo ulimshinda. Robo saa nzima alimgongesha mtu wake ukutani, Profesa akicheka hadi machozi. Kisha kicheko kikamkauka. Hakuna mahali mchezo ulipoeleza kitufe cha kurukia ni kipi. Wao walikijua, wakadhani kila mtu anakijua. Walirekebisha mwanzo wote, wakamwomba arudi Jumatatu.

Alirudi, na akawa anarudi kwa miaka kumi na moja. Cherehani alimwachia binti yake. Kazi yake ikawa kucheza na kuandika daftarini kila kilichokwenda kombo. Chumba kimoja kilipokuwa vyumba vinne na watu kumi na tisa, wafanyakazi wapya waliambiwa mapema wamzoee Mama Kasoro, maana hakuna mchezo uliotoka kabla hajaukagua.

Mchezo wa tano ulihusu msichana anayeondoka nyumbani kwa bibi yake kwenda kumtafuta baba mgodini. Zikiwa zimebaki siku nne utoke, Mama Kasoro alipeleka daftari mezani kwa Profesa. Mchezaji akishaagana na bibi, akafika barabarani, kisha akageuka na kurudi ndani, kila alichohifadhi kilifutika.

Profesa alisema tarehe imeshatangazwa, na kosa lenyewe halitamkuta mtu.

"Nani atarudi kwa bibi wakati wameshaagana?"

"Mimi nilirudi. Nilikuwa nimemwacha amesimama mlangoni."

Mdogo wake alijaribu kupoza mambo: wautoe kwanza, warekebishe baadaye. Dada mtu hakupandisha sauti. Alimwambia hajawahi kumkabidhi mteja suti yenye sindano ndani.

Waliahirisha kwa wiki tatu, na mbili kati ya hizo Profesa alimnunia. Mchezo ulipotoka, wachezaji wakaanza kuandika, na wengi walimtaja bibi. Walikuwa wamerudi, mmoja mara sita, kuangalia kama bado amesimama. Profesa alichapisha barua zao tatu, akaziweka mezani kwa Mama Kasoro, akaenda zake.

Mwaka uliofuata kampuni kubwa iliwanunua, ikachukua michezo na kufunga ofisi. Mdogo wake akaenda kuchora vitabu vya shule. Yeye alikaa nyumbani miezi miwili, siku haziishi, mpaka Profesa alipompigia simu. Alikuwa anatengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi, akahitaji mtu wa kuiharibu. Mama Kasoro aliuliza tu kazi inaanza saa ngapi.