Kwenda Iyula Kumsikiliza Mzee Ambakisye

Shangazi Neli alinipigia simu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, akaniambia kwamba Mzee Ambakisye ataimba Iyula Jumamosi kwenye sherehe ya mavuno ya kahawa, na kwamba yeye lazima aende. Nilishangaa. Shangazi ndiye aliyenilea, namjua kuwa mtu wa kanisa na shamba, si wa matamasha. Nikamuuliza kama magoti yatahimili safari. Akasema magoti ni yake, kazi yangu ni kumpeleka.

Kwa wasomaji wasiomfahamu, Mzee Ambakisye ametunga nyimbo za Kinyiha na Kiswahili kwa gitaa kavu tangu kabla sijazaliwa. Wimbo wake wa watu waliokwenda kuchimba shaba Zambia wasirudi unaimbwa huku kwetu hadi misibani. Baba yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Aliondoka mimi bado nabebwa mgongoni. Habari zake zilikuja kwa muda, kisha zikakoma. Tangu hapo Shangazi, dada yake wa pekee, hakuwahi kulitaja jina lake mbele yangu, nami nikajifunza mapema kutouliza.

Jumamosi asubuhi sikufungua duka langu la vipuri vya malori pale Mpemba. Nilikwenda kumpokea Shangazi mpakani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na sweta mbili, maana kiangazi cha huku huja na baridi yake. Jirani yangu alikuwa anapeleka pikapu yake Mlowo kuchukua mahindi, akatupa lifti. Shangazi akakaa mbele, mimi nyuma kwenye magunia matupu. Malori yanayosubiri kuvuka yalikuwa yamepangana kando ya barabara mpaka nikachoka kuyatazama.

Tulipoipita Vwawa hewa ikawa nyepesi. Mashamba ya mahindi yalikuwa mabua matupu, lakini mibuni ilisimama kijani kibichi, na watu walikuwa wanachuma huku wakiitana kutoka shamba hadi shamba. Mlowo tukashuka, tukakodi bajaji kuingia Iyula. Vumbi jekundu likatupaka sote rangi moja.

Mchana tulifikia kwa Mama Tusekile, rafiki wa Shangazi tangu usichana wao. Alitupikia ugali, maharage na majani ya maboga. Tukiwa tunakula akatueleza kwamba Mzee aliugua mwaka jana, mkono mmoja ukafa ganzi, na wengi walisema gitaa ndiyo basi.

"Msitegemee makubwa," akasema. "Nendeni mkamsalimie tu."

Shangazi alimaliza tonge lake. Aliosha mikono akasimama mlangoni kutungoja.

Uwanja wa mpira wa shule ulikuwa umejaa. Vijana walikuwa wanaimba juu ya midundo iliyorekodiwa, spika zikitetemesha vifua vyetu, na watoto wakicheza mbele. Kisha muziki ukazimwa, kikaletwa kiti, na mwanamke mmoja akamwongoza baba yake, Mzee Ambakisye, jukwaani akimshika kiwiko. Mzee alikuwa mwembamba, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake. Alikaza nyuzi polepole sana. Baadhi ya vijana wakaanza kupiga miluzi wakimharakisha. Hata hakuinua uso.

Alipoanza, vidole vilikuwa vizito kweli. Lakini sauti! Sikujua sauti ile ilikuwa inakaa wapi ndani ya mwili ule. Ilitoka pana, bila haraka, ikafika hadi kwa wauza mihogo nyuma ya magoli, nao wakaacha kuchochea moto. Wale vijana walikaa chini kwenye nyasi, mmoja mmoja.

Akafikia wimbo wa shaba. Katikati aliacha kuimba, vidole vikiendelea, akasema, "Wimbo huu haujaisha. Nipeni majina ya waliokwenda. Jina, na kitu kimoja alichopenda."

Watu wakaanza kusimama. Mmoja alimtaja kaka aliyependa supu ya mbuzi, mwingine babu aliyependa viatu vyeupe. Mzee alisikiliza akiwatazama, akiitikia kwa kichwa. Ndipo nikahisi mkono ukiniegemea begani. Shangazi alikuwa anasimama.

"Lameki," akasema.

Sikuwa nimewahi kulisikia jina la baba yangu kwa sauti yake.

"Alipenda nini, mama?" Mzee akauliza.

"Kupiga mluzi. Alfajiri, akienda kuchota maji. Baba yetu alimchapa, na bado hakuacha."

Mzee akaitikia, akaimba. Aliyaimba majina yote, moja baada ya jingine, kila moja na kitu chake, bila kukosea, bila kulibana jina lolote ndani ya mdundo. Waliotaja majina walikuwa wanalia na kucheka. Alipofika kwa Lameki aliliimba jina, akanyamaza, kisha akapiga mluzi, mfupi na wa chini, gitaa likiufuata. Uwanja mzima ulitulia kama kanisani.

"Ndivyo hivyo," Shangazi akasema taratibu.

Baadaye nilikwenda kumsalimia Mzee, nikamuuliza amewezaje kuyashika majina yote yale. Aliniambia kwamba huwa hayashiki majina, hushika sura za wanaoyataja.

Jioni pikapu ilitukuta Mlowo, na Shangazi akakataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma nami, juu ya mahindi, akinieleza. Baba aliogopa vyura. Alikata nywele za wavulana wa kijiji kizima. Nilipozaliwa, alinipeleka mwenyewe kunionyesha kwa kila nyumba. Tulifika mpakani bado anaongea, tukasimama pembeni wachuuzi wakitupita na mizigo yao, na hakumaliza.

Miaka yote nilidhani Shangazi alinyamaza kwa uchungu tu, kwamba swali lingemuumiza. Ilibidi mwimbaji mgonjwa amuulize mbele ya umati ndipo nijue kwamba alikuwa na mengi ya kusema, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.