Bastola ya Baba na Neno la Msibani

Je, neno lililotamkwa kwa utani msibani linamfunga aliyelitamka? Sijapata jibu hadi leo, ingawa kwa muda mrefu swali hilo lilikaa chini ya kitanda changu hapa Mshangano, ndani ya sanduku la chuma, limeviringishwa kwenye kitambaa cha flana.

Baba alipofariki, rafiki yangu alikuja matangani kutoka Namtumbo. Ni Mhehe, mwalimu aliyeletwa huku na ajira, akaoa, akalima, hakurudi tena Iringa. Mimi ni Mngoni. Watu wetu walipigana zamani hadi wakageuka watani, na mtani msibani hazuiwi. Alivaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea, waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Kisha akasimama mbele yangu kudai urithi wake: kofia, mkongojo, "na ile bastola ya mzee."

"Chukua vyote, mtani," nilimjibu. "Babu zako walitukimbia wakaacha hadi viatu. Wewe nenda ukawafidie."

"Viatu? Kwani walikuwa navyo?"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Akaondoka na kofia na mkongojo.

Bastola ilikwenda polisi, kwa maana silaha hairithiwi kama shamba. Ilikaa huko mpaka nilipoomba kibali changu mwenyewe, nikahojiwa, nikasubiri. Nikiri kwamba sikuitaka kwa ulinzi. Niliitaka kwa sababu mpini wake ulikuwa umelainishwa na kiganja cha baba. Siku ya kukabidhiwa, afisa alinitazama usoni: "Kaka, kibali hiki kina jina lako. Si la mkeo, si la rafiki. Ukimwazima mtu hata kwa siku moja, yeye atakuwa na silaha bila kibali, na wewe ndiye uliyempa. Mtajibu wote wawili." Niliitikia kwa adabu, bila kusikia. Nani angekuja kuazima bastola?

Mwaka jana, mahindi yakiwa yamekomaa, nilikuwa barazani alasiri moja huku ukungu ukishuka kutoka milima ya Matogoro. Getini ikatokea kofia ya baba. Kwa urefu wa pumzi moja, baba alikuwa amerudi nyumbani, na wala sikushangaa. Kisha kofia ikacheka.

"Mtani, nimefuata changu."

Tembo watatu walikuwa wamemaliza shamba la jirani yake. Lake ndilo lililofuata, na mahindi yale ndiyo chakula cha mkewe na watoto wanne hadi msimu mwingine. Askari wa wanyamapori walikuwa wamearifiwa, lakini vijiji vilikuwa vingi. Alikuwa akilinda peke yake juu ya dungu, kichanja cha miti katikati ya mahindi.

"Tembo nitampigaje kwa kibastola? Nataka mlio tu. Na uliniahidi mbele ya jeneza."

Nilimweleza maneno ya afisa.

"Chuo kikuu ulichosoma kimekuharibu! Mngoni mzima anaogopa karatasi?" Alicheka, lakini chai niliyompa hakuigusa.

Nilimwambia angepata jibu kesho. Akaondoka kuwahi gari, na kofia ikayeyuka ukunguni.

Jioni ile niliketi na kibali mapajani. Nikiondoa risasi, je, bado ni kumwazima silaha? Bado, chuma chenyewe ndicho silaha. Nikienda nayo mwenyewe, nikafyatua hewani kwa niaba yake? Niliiombea kibali kwa ulinzi wa nyumba, si kwa kutishia tembo, na tembo aliyeshtuliwa hajui kwamba ulikusudia mlio tu. Kila chumba nilichokifungua akilini, nilimkuta yule afisa ameshaketi, akinisubiri. Ndipo nikaliona jambo lililoniaibisha: nilikuwa nafurahi kukatazwa. Sheria ilinizuia kumpa bastola. Haikunizuia kitu kingine chochote. Kumwacha peke yake juu ya dungu lilikuwa shauri langu mwenyewe.

Asubuhi, kabla jua halijapasua ukungu, nilikwenda kituoni na lile sanduku. Nilieleza kwamba ninasafiri, nikaomba waitunze bastola hadi nirudi, nikapokea stakabadhi. Sokoni nikanunua pilipili kavu, nusu gunia, maana moshi wake tembo hawaupendi. Nikafunga sufuria mbili kuukuu za kugonga, nikapanda basi la Namtumbo.

Nilimkuta shambani, macho mekundu kwa kukesha. Mahindi yalikuwa bado yamesimama.

"Umekuja nayo?"

"Sheria imenikataza kukuazima bastola," nilisema. "Kuhusu kukuazima mimi, haikusema neno."

Alilitazama gunia, akazitazama sufuria, akanitazama mimi na viatu vyangu vya mjini.

"Mngoni mmoja kwa tembo watatu," alisema. "Haya, panda, mtani. Watakuonea huruma."

Alinishikia ngazi. Nikavua viatu, nikapanda.