Zilpah na Nyonga ya Mama Swaran

Nasema mapema ili tusisumbuane: Zilpah alikuwa muuguzi hodari, na aliyebisha mwaka ule wa 1973 ajiulize mwenyewe alikuwa anatazama nini. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Bordesley Green, kule Uingereza tulikosomea uuguzi, yeye Mragoli, mimi Mkamba, tukigombania hita na kukaririshana vitabu.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Kwao, mtoto aliyelelewa hautazami mwili wa mtu wa rika la baba yake. Basi siku ya mtihani wa vitendo, alipoambiwa achunguze ngozi ya mzee mmoja Mwingereza, alimwosha kwa upole huku macho yake yako dirishani. Kidonda cha kisigino kikampita. Akafelishwa palepale.

"Unachunguzaje patient ukiangalia dirisha?" nilimfokea jioni ile.

"Ni mzee, Mumbua! Wewe ungetazama?"

"Ningemkodolea mpaka aone haya yeye!"

Alicheka, kisha akalia. Alikuwa amebakiwa na jaribio moja. Akianguka, mafunzo yamekwisha, arudi nyumbani mikono mitupu.

Kutazama alijifunza, kwa shida. Lakini katika miezi ile ya haya, mikono yake ilikuwa imeshajifunza kazi ya macho. Aliingiza mgongo wa kiganja chini ya shuka, akalinganisha nyonga hii na ile, akajua penye joto na penye ugumu. Mazoezi alinifanyia mimi. "Lala ubavu!" kila Jumapili, na chai yangu inapoa.

Siku ikafika. Mtahini alikuwa Bi. Whitcombe, mwanamke mrefu asiyejua kucheka. Alimpeleka kwa Mama Swaran, bibi wa Kisingasinga aliyehamia kutoka Kisumu, amevunjika mguu, yuko wiki ya pili kitandani. Mimi nilikuwa zamu wodi hiyohiyo, nyuma ya pazia, nakunja shuka. Nilizikunja zilezile mara tatu.

Siku hizo tulipita kila baada ya saa chache na sabuni, spiriti na poda, tukisugua migongo na nyonga za wagonjwa ili damu itembee, wasipate vidonda vya kulalia. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndio uliokuwa mtihani wenyewe: tafuta wekundu, usipouona, sugua.

Zilpah alitazama, safari hii kwelikweli. Ngozi ya Mama Swaran ilikuwa ya kahawia, nzima, haina wekundu hata chembe. Akaweka mgongo wa kiganja kwenye nyonga. Akauhamisha. Akaurudisha. Kisha akafunga kopo la poda!

"Sugua, Nesi," akasema Bi. Whitcombe.

"Siwezi, Madam. Hapa pana joto, na pamekuwa pagumu. Nikisugua nitapapasua."

"Sioni kitu."

"Kwa ngozi hii hutaona mapema." Akamwinamia mgonjwa. "Mama, hapa panauma?"

"Naungua, beti, binti yangu! Siku tatu mimi nasema burning, wao nasema skin iko nzuri, nasugua tu!"

Bi. Whitcombe akaiinamia nyonga, akaitazama tena. Nikajua tumekwisha, nikaanza kumfungia Zilpah sanduku la kurudi nyumbani, mawazoni mwangu. Halafu Bi. Whitcombe akavua saa yake, akakunja mkono wa gauni.

"Nionyeshe."

Zilpah akamshika mkono, akauweka pale pa moto, kisha nyonga ya pili, kisha tena pale. Uso wa mtahini ukabadilika.

"Wewe uliye nyuma ya pazia," akasema, "hizo shuka zimetosha. Njoo mmgeuze. Asilalie upande huu tena."

Tukamgeuza, Mama Swaran akashusha pumzi ndefu. Zilpah akamgeukia mtahini.

"Madam, nimefeli tena?"

Bi. Whitcombe alikuwa ameshafika kitanda cha pili, kwa mgonjwa mwingine wa ngozi ya kahawia, Madhu wa Kampala, mkono mmoja tayari umeinua shuka.

"Umefaulu tangu dakika tano zilizopita," alisema bila kugeuka. "Njoo unionyeshe na huyu."

Nilipiga kigelegele katikati ya wodi. Nikapewa onyo la maandishi, na ningekipiga tena.