Neno Nililompa Mayu

Mimi nina mdomo, na wateja wa dukani kwangu wanalijua hilo. Mtu akinijibu ovyo namrudishia hapo hapo, hakuna cha kesho. Lakini kuna neno moja la Kiingereza ambalo nikilisikia nanywea, naanza kupanga bidhaa ambazo tayari zimepangwa. Ni aibu, sina jina jingine la kuipa.

Nilikuwa darasa la nne, shule ya Kiingereza hapa Bariadi mjini, nikiishi kwa shangazi. Mwalimu wetu alifundisha maneno kwa koo. Yale yanayoanza na herufi zilezile aliyaita ukoo mmoja, akayaandika kwenye manila na kuyabandika ukutani, maana zake pembeni. Wiki ile ilikuwa zamu ya ukoo wa K na N, ambao K yake haitamkwi. Knee, goti. Knife, kisu. Knot, fundo. Knock, kugonga mlango. Kneel, kupiga magoti. Tuliyakariri kwa sauti, kila neno na kitendo chake, na aliyetunga sentensi sahihi alipigiwa makofi matatu. Hakuna aliyenizidi kwa makofi, na nilijisikia, msifikiri sikujisikia.

Nilikuwa pia nimewadanganya wenzangu. Niliwaambia mama yangu anafanya kazi ofisini Mwanza, anavaa viatu vya kisigino. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alikuwa kijijini Lingeka akilima pamba.

Basi siku hiyo, tukiwa katikati ya ukoo ule, akatokea mlangoni. Alikuwa na ndoo ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, na yeboyebo miguuni, moja imeshonwa kwa uzi. Akatua ndoo, akapiga magoti pale kizingitini, akamsalimia mwalimu: mwangaluka. Kwetu mwanamke akimsalimia mtu wa heshima anapiga magoti, wala hakuna anayegeuka kutazama. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu wa huku, aliona haya, akamwomba ainuke. Mayu hakuinuka haraka. Alikuwa ananitafuta kwa macho, na aliponiona akatabasamu.

Nilijua akifungua mdomo tena nimekwisha. Nikanyoosha mkono kabla hajasema, nikasimama, nikamnyooshea kidole mama yangu mzazi.

“Kneel,” nikasema. “The village woman is kneeling.”

Mwanamke wa kijijini amepiga magoti. Ndicho nilichosema, bila kutetemeka. Mwalimu alisita kidogo, kisha akawaambia wanipigie makofi. Wakapiga matatu. Na mayu, akiwa bado chini, akapiga na yeye, anacheka kwa furaha, maana alidhani nimemtambulisha.

Mwalimu alipomuuliza shida yake, alijibu kwamba ameleta mzigo wa kwa shangazi yangu. Hakusema yeye ni nani. Mpaka leo sijui kama alisahau au aliona kitu usoni kwangu.

Mapumziko yalipofika nilimkuta bombani ananawa miguu. Akaniuliza neno lile nililolisema nikimnyooshea kidole lina maana gani. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia. Mimi nikamjibu kwamba ni mama.

Akauliza, si wanasema “mother”?

Nikamwambia “mother” ni ya watu wote, hata wa jirani unaweza kumwita hivyo. Hii ni ya yule aliyekuzaa tu.

Alilirudia mpaka likamkaa: nili. Akaondoka nalo Lingeka. Alilisema shambani, alilisema kanisani, na simu zilipofika kijijini akawa ananipigia na kuanza hivyohivyo: nili wako hapa, umekula? Miaka yote hiyo nilimjibu nimekula.

Mwaka jana alikuja kukaa kwangu apimwe macho. Binti yangu yuko darasa la tatu, na jioni moja aliketi mkekani na daftari akisoma kwa sauti maneno ya K na N. Knee, goti. Kneel, kupiga magoti. Mayu akamkatiza kwa upole, hapana mjukuu wangu, hiyo ni mama, muulize mama yako, ndiye aliyenifundisha. Mtoto akanigeukia na kalamu mkononi. Nilikuwa nakoroga ugali. Nikasema bibi yuko sahihi, andika.

Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu mzima, na akili zangu timamu.

Kesho yake mtoto alirudi na mkasi mwekundu, alama ya kosa, kwenye daftari, macho yamevimba. Mwalimu alimuuliza nani kamfundisha uongo, akasema bibi. Darasa zima likamcheka bibi yake. Alipokuwa anasimulia, mayu alikuwa palepale anachambua mchele kwenye ungo, akasikia kila kitu.

Nilimtuma mtoto nje. Nikakaa chini, nikamweleza mayu yote, la kizingitini, la kidole, la makofi aliyopiga na yeye. Sikujitetea, na nilikuwa nalia vibaya. Nilitaka anitukane. Hakuacha kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine.

“Kwa hiyo mama ni ‘mother’ tu,” akasema.

Nikamwambia ndiyo.

“Hilo kila mtu analijua,” akasema. “Mimi nilidhani mwanangu amenipa la kwangu.”

Akapepeta mchele, akaniomba nikaweke maji jikoni. Alirudi Lingeka wiki iliyofuata, na simu anapiga bado, hajaacha. Anasema ni mimi, umekula?